Maneno Mawili Baada ya Jina la Amek

Webkhet aliliweka lile jiwe juu ya mkeka, mbele ya magoti ya baba mkwe wake, akalipangusa vumbi kwa upindo wa nguo yake. Lilikuwa jiwe la chokaa, dogo kiasi cha kubebwa kifuani na mwanamke mmoja, limechongwa mviringo upande wa juu kama ilivyo desturi. Ndani yake ameketi mwanamume kijana, ua la yungiyungi karibu na pua, na mbele yake meza ya mikate. Chini ya miguu yake mchongaji alikuwa ameacha nafasi ya mstari mmoja wa maandishi.

"Limebaki jina tu, baba," akasema. "Mchongaji alitaka kuliandika mwenyewe, nikamkatalia. Nimemwambia mume wangu ana baba, na baba yake ndiye mkono wa kijiji hiki."

Penbuy hakuligusa jiwe. Alikuwa ameketi wima, miguu ameikunja chini yake, kichwa kimenyolewa kikang'aa, na ubao wake wa wino uko pajani. Katika makaburi yote ya wafalme yaliyochimbwa katika uhai wake, hapakuwa na ukuta ambao mstari wake wa mwisho haukuwa wake. Vijana walichora kwanza kwa wino mwekundu. Penbuy akapita nyuma yao kwa wino mweusi, akasahihisha, na mkono wake ukishapita hakuna aliyesahihisha tena.

"Jina nitaliandika," akasema.

"Na maneno yake mawili."

"Jina nitaliandika, Webkhet."

Mwanamke akamtazama. Hakuwa amekuja kulia. Machozi yake aliyamaliza zamani, tangu habari ilipofika kutoka machimbo ya kusini.

Kijiji chao kiliitwa Mahali pa Kweli, kijiji cha wachimbaji na wachoraji wa makaburi, kilichojibana bondeni jangwani ambako hata maji ya kunywa yaliletwa na punda. Katika kijiji hicho jina la mfu halikutembea peke yake. Lilifuatwa na maneno mawili, maa-kheru, mwenye sauti ya kweli. Yaliandikwa juu ya mlango wa kaburi, juu ya kiti, juu ya mtungi, na kutamkwa kila mara mtu alipowamwagia wafu wake maji. Wengi waliyatamka kama mtu atamkavyo "marehemu", ulimi ukipita tu njia yake. Hata mlevi aliyefia mtaroni alipewa, na aliyempa hakujiuliza mara mbili.

Penbuy alijiuliza. Tangu ujana wake alishika kwamba maneno yale si adabu ya msibani, ni hukumu. Mtu husimama mbele ya Osiri, mungu wa wafu, moyo wake ukawekwa katika mizani, na upande wa pili unyoya wa Maati, mungu wa kweli. Sauti yake husema: sikuiba, sikusema uongo, sikupunguza kipimo. Moyo usipoisaliti sauti, miungu hutangaza kwamba sauti hii ni ya kweli. Ndipo mtu anakuwa maa-kheru, wala si kabla. Basi, aliuliza Penbuy, mtu ambaye mungu wa kijiji mwenyewe amemwonyesha mbele za watu kuwa ni mwizi, mkono gani wa binadamu uandike kwamba sauti yake ni ya kweli? Na kwa kuwa wachoraji wengine walimwogopa, msimamo wake ukawa sheria ya kijiji.

Naye Amek, mwanawe wa pekee, mungu alimwonyesha.

"Mwili wake uko kule, baba, umefukiwa mchangani kama wa punda," Webkhet akasema. "Hana jeneza, hana sanda, hakufunguliwa kinywa kwa ibada apate kusema huko aendako. Kilichobaki ni hili jiwe. Jina likienda bila maneno yake, wale walinzi wa milango ya kuzimu watamwuliza nini?"

"Watamwuliza iliko patasi ya Ikulu."

Neno hilo lilipomtoka, Penbuy mwenyewe aliusikia ubaridi wake, lakini hakulirudisha. Ng'ambo ya kichochoro, nyumba zao zikiwa zimebanana hata mtu akikohoa jirani humwombea afya, ikaja sauti ya Hel, mjane wa Nebre.

"Mwache, mwanangu! Mimi nilimpigia magoti mpaka yakaota sugu. Huyo mungu wake yuko begani, moyoni hajafika!"

"Mama Hel, sijakuita," Penbuy akasema bila kupaza sauti.

"Hujaniita, lakini masikio ni yangu! Au nayo niyapeleke kwa mungu akayahukumu?"

Hel alikuwa na haki ya kutania kwa uchungu. Mumewe alishtakiwa kwa nguo za mfu mmoja, mungu akamwonyesha, akafa kabla ya adhabu kwisha. Penbuy alimwandikia jina, akaacha mwisho wa mstari mtupu. Miaka yote hiyo Hel alimwaga maji mbele ya jiwe lenye uwazi huo, na watoto wa kichochoroni walikuwa na wimbo juu yake, wimbo wa Nebre aliyekatwa mkia.

Webkhet alilibeba jiwe lake kifuani, akaondoka bila kuaga.

*

Kesi yenyewe ilikuwa ya mwaka uliotangulia. Patasi za shaba hazikuwa mali ya wachongaji. Zilikuwa mali ya Ikulu, zikipimwa kwa mawe zinapotolewa na kupimwa tena zinaporudi. Moja iliyotolewa kwa Amek haikurudi. Aliulizwa, akajibu kwamba aliichomeka katika ufa wa ukuta kaburini, akaenda kula, aliporejea hakuiona. Wakatafuta. Ukuta ulikuwa mweupe, laini, hauna ufa.

"Ukuta haumezi shaba," baba yake akamwambia mbele ya wote.

Ikawa kesi ya mungu. Mungu wa kijiji alikuwa mfalme wa kale sana, yule aliyesemekana kukianzisha kijiji, na sanamu yake ilikaa hekaluni ndani ya machela ya mbao iliyopakwa dhahabu. Siku ya hukumu wanaume wanne waliojitakasa waliibeba mabegani, majina ya nyumba yakasomwa moja baada ya moja, na mungu akijibu hapana alitulia au alirudi nyuma, akijibu ndiyo alisonga mbele. Penbuy alikuwa mbebaji wa mbele, upande wa kulia, kwa miaka mingi. Aliheshimiwa kwa hilo kuliko kwa kalamu yake. Mtu akiuliza mungu ni mzito kiasi gani, yeye ndiye aliyemjibu.

Siku ile, lilipotajwa jina la Amek, mungu alisonga mbele. Watu walipiga kelele. Penbuy aliusikia uzito ukimjia begani, ukimsukuma, hatua moja, mbili, na katika maumivu yale alipata jambo la kujivunia: alikuwa amembeba mungu aliyemhukumu mwanawe mwenyewe, na hakumzuia. Walipomfunga Amek mikono kumpeleka kifungoni kwenye machimbo ya kusini, kijana alimgeukia baba yake.

"Baba, siye yeye aliyesogea. Ni watu."

"Nyamaza," Penbuy akamjibu. "Usiongeze kufuru juu ya wizi."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyopeana.

*

Muda mfupi kabla ya Sikukuu ya Bonde, siku ya kula na wafu makaburini, Kasa alikuja nyumbani kwa Penbuy wakati wa jua kali, saa ambayo mtu mwenye akili yuko kivulini. Kasa alikuwa fundi lipu, mzee mnene mwenye maneno mengi, na mbebaji wa mungu pia, wa nyuma, mgongoni kwa Penbuy. Walikuwa marafiki tangu utoto. Siku hiyo hakutania mlangoni. Aliketi, akafungua kitambaa, akaweka mkekani patasi ya shaba iliyoganda lipu nyeupe.

Penbuy aliitambua alama ya Ikulu kabla ya vumbi kutulia.

"Imetoka wapi?"

"Ukutani," Kasa akasema. "Ule ukumbi wa pili. Lipu imepasuka usiku wa jana, leo asubuhi tumebandua tupige nyingine. Ikaanguka miguuni pangu. Ilikuwa kwenye ufa, bwana, palepale aliposema. Alikwenda kula, vijana wangu wakapita na ndoo zao, wakaziba. Wale hawatazami, wakiona tundu wao ni kuziba tu. Nadhani hata ungesimama ukiwa umepiga miayo, wangekuziba kinywa."

Akacheka peke yake.

"Nani mwingine ameiona?"

"Anakhtu, msimamizi wetu. Anakuja. Nimekimbia nimtangulie."

Na kweli Anakhtu aliingia muda si muda, amevaa nguo yake ya kukunjwa mikunjo midogo, jasho likimtiririka. Hakuketi. Aliiokota patasi, akaifunga tena katika kitambaa, akaitia kwapani.

"Mzee Penbuy, pole sana," akasema. "Hii itarudi ghalani, na itapimwa na patasi nyingine. Sioni haja ya kupiga mbiu. Kuna kesi tatu zinamngoja mungu mwezi huu. Watu wakianza kusema mungu alikosea, kesho nani atanyamaza akihukumiwa? Mji utakuwa soko."

"Mungu alikosea?" Penbuy akauliza.

"Mimi sijasema hivyo. Nimesema watu watasema." Msimamizi akapangusa shingo. "Na lile jiwe la kijana, nimesikia. Andika tu maneno yako mawili, mzee wangu. Nani atakuuliza? Kila mtu huandikiwa. Ni heshima tu ya marehemu."

Akatoka. Penbuy alibaki akitazama mahali ilipokuwa patasi. Maisha yake yote alikuwa amepigana na sentensi ile, ni heshima tu ya marehemu, na sasa ilikuwa imeletwa kwake kama zawadi.

"Kasa," akasema mwishowe. "Uzito ulinijia. Nilimsikia begani mwangu. Kama haikuwa kweli, alisogezwa na nani?"

Kasa alijikuna mguu. "Tuyaache hayo, ndugu yangu. Joto kali."

"Nimekuuliza."

"Unataka nikwambie nini? Mimi nilikuwa nyuma yako. Naijua hiyo migongo yenu ninyi wa mbele kuliko wake zenu walivyoijua. Majina yote yale yalipotajwa ulisimama kama nguzo. Wewe ndivyo ulivyo, unasimama mpaka sisi tunachoka kukutazama. Lilipotajwa la Amek, ukalegea. Magoti. Nikayaona."

"Nililegea ili nisimzuie."

"Najua."

"Wangesema baba amemkazia mungu mguu asimfikie mwanawe. Nililegeza magoti ili mungu awe na njia, akitaka kupita apite, asipotaka asipite. Ni haki hiyo, Kasa. Haki ndiyo hiyo!"

"Basi ulimpisha," Kasa akasema taratibu. "Yeye hakuwa na safari, wewe ukampisha. Machela ikainama mbele, nami nyuma nikausikia mti unakwenda, nikaufuata. Mbebaji afanye nini? Sote wanne tulifuatana, kila mmoja anadhani ni mungu."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba mungu hajui kitu, wanaojua ni magoti ya Penbuy? Na wewe ungenisikiliza? Mwanao alikwambia, hukumsikiliza."

Penbuy aliiweka mikono yake juu ya magoti yake, akayashika, kama mtu anayewazuia mbwa wawili.

*

Alingoja jua lilegee, akachukua ubao wake wa wino na kalamu ya tete aliyoitafuna upya, akavuka kichochoro. Kwa Hel alianzia. Hakujua hata yeye kwa nini alianzia huko. Labda kwa kuwa ndiko kulikokuwa rahisi.

Hel alikuwa akipepeta ngano mlangoni. Alimtazama, akautazama na ubao.

"Umepotea njia, mchoraji?"

"Nimekuja kumalizia jiwe la Nebre."

Ungo ukasimama. Bila shaka habari ya patasi alikuwa nayo. Kichochoroni habari haikuhitaji miguu. Uso wa mjane ulibadilika mara nyingi kwa muda mfupi, kisha ukatulia mahali pabaya.

"Kumbe yanaandikika," akasema. "Miaka yote hii nilidhani mkono wako haujui kuyaandika. Kwa nini leo?"

"Sijui kama mungu alimwonyesha kwa haki. Sijui tena kwa yeyote."

"Hujui. Na nguo za mfu zilikutwa chini ya kitanda chetu, mwenzangu, nilizifua mimi. Nebre aliiba." Alicheka kicheko kikavu. "Ulikuwa hujui hilo? Aliiba, na mimi nilikupigia magoti. Nilidhani maneno hayo ni ya kumwombea mtu, kumbe kwako ni ya kumlipa. Sasa mwanao ameonekana hana kosa, ndiyo unakuja kuwagawia na wezi? Ondoka na wino wako. Nebre ameshazoea kuwa hivyo, na mimi nimezoea."

Akarudi kwenye ungo wake, makapi yakamrukia Penbuy miguuni.

Kwa Webkhet aliingia bila kubisha, kama baba. Chumba cha mbele kilikuwa kimefagiwa. Katika kishubaka cha ukutani, mahali pa wafu wa nyumba, jiwe lilikuwa limekwisha simamishwa, na mbele yake bakuli la maji na kitunguu. Mstari wa chini haukuwa mtupu.

Penbuy alisogea. Alisoma jina la mwanawe, na baada ya jina, maneno mawili. Lakini hayo aliyaona baadaye. Kwanza aliuona mkono. Ulikuwa mkono wa mtu asiye mwandishi. Alama ya jukwaa, ya neno maa, iliinama upande mmoja kama kitanda kilichovunjika mguu, na alama ya kasia, ya neno kheru, ambayo huandikwa kwa mstari mmoja mwembamba na bapa lake chini, ilinenepa na kupinda kama mwiko wa kupikia. Kati ya kila alama na nyingine palikuwa na nafasi za ovyo. Mkono wa Penbuy ulikwenda wenyewe kwenye kalamu.

"Usiguse," Webkhet akasema nyuma yake.

"Nani ameandika hivi?"

"Baba Kasa. Alikuja mchana, ametoka kwako. Alilia muda wote, ndiyo maana yamepinda."

"Hayasomeki. Kasia hili si kasia. Niache nilisahihishe tu, mwanangu, sibadilishi neno."

"Hayo yanasomeka. Amek atayasoma." Alikuwa amesimama kati yake na jiwe sasa, mwanamke mfupi, mikono kifuani. "Nilikuletea, baba. Nililibeba hapa kifuani nikakuletea, ungeandika siku ile lingekuwa limeandikwa na baba yake. Leo lingeandikwa na patasi. Amri ni ya patasi, siyo yako."

"Niliamini alichosema mungu."

"Uliamini. Basi nikuulize jambo moja, kisha nitakupa maji ya kunywa kama mkwe anavyopaswa. Kule juu kwenye kaburi lako, umelichora wewe mwenyewe, tumelisifu sote. Mlangoni umeandika jina lako. Baada ya jina umeandika nini?"

Penbuy akafungua kinywa.

"Umeandika maa-kheru," Webkhet akasema. "Na uko hai. Unakula vitunguu. Moyo wako haujawekwa kwenye mizani yoyote. Wewe nani alikuhukumu, baba?"

Kila mwenye kaburi kijijini alifanya hivyo. Ndiyo desturi, mtu hujiandalia mlango wake angali na nguvu, na huuandaa kama utakavyohitajika. Hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo kuwa ni ajabu, na Penbuy mwenyewe, aliyeyapima maneno yale kwa kila jina lililopita chini ya kalamu yake, aliyaandika baada ya jina lake kwa wino mzuri wa buluu, siku moja ya furaha, huku Amek akiwa amemshikia taa.

Webkhet alimletea maji, kama alivyosema. Alisimama mpaka alipoyanywa.

"Sikukuu ni keshokutwa," akasema akipokea bakuli. "Jiwe nitalipandisha mlimani. Kuandika hukuandika. Lakini kutamka ni juu yako, wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii uliyebaki. Nitakungoja."

*

Siku ya Sikukuu ya Bonde, sanamu ya mungu Amoni ilipovushwa mto kutoka upande wa mashariki, jangwa lote la magharibi likafuka moshi wa mabata ya kuchoma. Familia zilipanda kwenye makaburi yao na mikeka, mitungi ya pombe ya shayiri, na mashada ya maua shingoni. Walikula na wafu wao, wakalewa nao, wakawasimulia habari za mwaka. Kutoka ua mmoja hadi mwingine yalisikika majina, na baada ya kila jina maneno yaleyale mawili, yakitupwa hewani kwa vinywa vilivyojaa mkate.

Katika ua wa kaburi la Penbuy watu walikuwa wengi kuliko desturi. Anakhtu hakuja. Kasa alikuja, akaketi mbali karibu na ukuta, shada lake limemkaa vibaya. Hel alikuja hata yeye, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Webkhet aliliegemeza jiwe kwenye nguzo ya mlango, akampa baba mkwe wake mtungi.

Penbuy alimwaga maji. Akayatazama yalivyonyweka mchangani.

"Kwa ajili ya Amek," akasema.

Wakangoja.

Alijua kwamba akiyatamka maneno yale anamwambia kila aliyepo kwamba mungu aliyembeba miaka yote hakusogea siku ile. Kwamba kilichosogea ni yeye. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuambiwa. Hata hivyo walingoja, kwa kuwa kujua ni kitu kimoja, na kulisikia kinywani mwake ni kitu kingine.

"Maa-kheru," akasema, chini chini.

"Hatukusikia, baba," Webkhet akasema.

"Hata mimi wa hapa karibu sikusikia," Hel akaongeza. "Sema, mchoraji. Mbona kumfukuza mtu ulikuwa na sauti."

Akasema tena. Safari hii sauti ilitoka kamili, ile ile aliyozoea kusomea sala mbele ya mungu, nene, iliyonyooka, kila silabi mahali pake, ikapiga kwenye majabali na kurudi. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alikuwa ametazamia ivunjike, na haikuvunjika. Ilisema kweli vizuri kama ilivyokuwa imesema uongo.

Watu wakaitikia, wakageukia chakula. Kasa alikuwa akilia waziwazi na kutafuna bata kwa wakati mmoja.

Penbuy aliweka mtungi chini, akachomoa kisu kidogo alichokuwa akinolea kalamu zake, akasimama mbele ya mlango wa kaburi lake. Pale juu, kwa buluu iliyokuwa haijapauka hata kidogo, palikuwa na jina lake, na jukwaa lililonyooka kama maji yaliyotulia, na kasia jembamba. Hakuwahi kuandika kasia zuri kuliko lile. Alianza kulikwangua. Lipu ilikuwa ngumu, lipu ya Kasa, na vumbi la buluu likamwangukia usoni na kifuani. Alikwangua mpaka maneno yote mawili yakaondoka na pakabaki kovu jeupe baada ya jina.

Alipogeuka, Webkhet alikuwa amesimama nyuma yake, jiwe la mumewe mikononi, tayari kushuka. Alilitazama kovu, kisha akamtazama mzee aliyejaa vumbi. Kwa muda ilionekana kama angesema neno la kumpoza.

"Sasa mnafanana," akasema, akionyesha kwa kidevu upande aliokaa Hel. "Wewe na Nebre."

Akashuka. Penbuy alifuta kisu kwa vidole, na kwa mazoea ya miaka mingi akakagua kingo za lile kovu, asije akawa ameacha ukingo uliopinda.